Friji langu mwezi huu: Saison Dupont, Orval, saida za watu na pombe zangu mbili zilizonifundisha adabu

Wakuu, friji langu limegawanyika, juu ni chakula cha watu wa nyumbani na chini kote ni kwangu, na huko chini chupa za viwandani zimelala pamoja na zile nilizopika mwenyewe. Za kwangu unazijua haraka, hazina lebo, zina kipande cha karatasi ya gundi nimeandika tarehe na herufi moja, B ni bia, T ni saida, yaani pombe ya matufaha, basi. Juzi nimekaa nikapiga hesabu ya nilichokunywa mwezi mzima nikashangaa, karibu kila chupa ninayoirudia ni drai. Sikupanga kabisa. Nilipoanza kupika pombe nilikuwa mtu wa bia nyeusi nzito, tamu, yenye harufu ya kahawa na chokoleti, nikiona bia ya rangi ya dhahabu naiita maji. Leo hiyo nyeusi nikinywa nusu glasi nimeshiba.

Na neno lenyewe drai linachekesha ukilifikiria, kitu cha maji kinakuwaje kikavu. Ila ukishakutana nayo unaelewa. Ni pale unapomeza halafu utamu hauachi utando kwenye ulimi, mashavu kwa ndani yanajivuta kidogo, na mkono unarudi kwenye glasi kabla hujamaliza kuongea. Sukari imeliwa yote na hamira. Kusema hivyo rahisi, kazi iko hapa: pombe inaweza kukauka ikawa raha kunywa, na inaweza kukauka ikawa kama maji ya betri, na mimi mwezi huu ninazo zote mbili, ya kwanza nimeinunua, ya pili nimeitengeneza kwa mikono yangu hii.

Nianze na ya kununua. Saison Dupont, asilimia 6.5, inatoka kijiji cha Tourpes huko Ubelgiji, upande wanaoongea Kifaransa, kiwanda cha shambani, na stori ya hizi bia za saison ni kwamba zilikuwa zinapikwa miezi ya baridi zinawekwa, ili vibarua wa mashamba wanywe wakati wa joto na kazi nyingi. Mimi nilipata ile chupa kubwa ya mililita 750, yenye kizibo cha koki na waya juu. Usiifungue umekaa kwenye kochi. Ukilegeza waya tu kizibo kinaanza kupanda chenyewe taratibu kama kuna mtu anakisukuma kwa ndani, nikafunika na kitambaa, nikashika kizibo nikazungusha chupa, ikatoa mlio mzito wa puu, na kwenye kumimina povu likaja jeupe, zito, likapanda likapita mdomo wa glasi likasimama pale juu bila kumwagika. Ilibidi nisubiri kama dakika mbili ndo nipate cha kunywa. Povu likishuka linaacha pazia kwenye kioo, kila funda na mstari wake, ukimaliza glasi unaweza kuhesabu umekunywa mara ngapi.

Harufu yake ni pilipili manga, ganda la limau na kitu kama majani yaliyoanikwa juani. Kila ninayemwonjesha ananiuliza humu wameweka viungo gani, hakuna, hiyo pilipili manga ni hamira peke yake inaitoa. Mdomoni gesi ni nyingi inasugua ulimi, uchungu wa hopsi, yale maua yanayowekwa kwenye bia, unakuja mwishoni, unasimama kidogo halafu unaondoka bila kuaga. Hakuna sukari kabisa lakini huisikii ni nyepesi, na hilo ndo linaniumiza kichwa kila nikinywa, imewezaje kukauka hivi na bado imejaa mdomo? Asilimia 6.5 huisikii mpaka usimame. Tisa kwa kumi naipa, na hiyo moja naikata kwa sababu ya kioo cha kijani.

Maana kioo cha kijani kina shida yake wakuu. Mwanga ukipita kwenye chupa unakutana na vile vitu vichungu vya hopsi, vinavunjika, vinaungana na salfa, na kinachotoka ni harufu ya kicheche. Sitanii, ni familia ile ile ya kemikali anazozitoa mnyama akikasirika. Chupa ya kahawia inazuia sehemu kubwa ya mwanga unaofanya uharibifu huo, ya kijani inazuia kidogo sana, isiyo na rangi ndo imekuacha uchi. Kwa hiyo chupa ya kijani siku hizi namwomba muuzaji anitolee kwenye boksi lililofungwa, akisema zimeisha naondoka. Nilishawahi kuchukua pilsna moja, zile bia za rangi ya dhahabu, jina naliacha, ilikuwa imesimama dirishani sijui miezi mingapi, nimefika nyumbani nimefungua tu chumba kizima kimejua. Nikairudisha. Muuzaji akainusa, akatulia kidogo, akaniambia "hizo za nje zinanukaga hivyo hivyo bosi, utazoea". Nilicheka mpaka nikasahau kudai hela yangu.

Sasa nije kwenye B, saison ya kwangu. Hamira niliyotumia ni ya ukoo huo huo wa Dupont, na mpikaji yeyote aliyeigusa atakupa stori moja: inaanza kwa kasi, siku tatu nne mapovu yanapiga makofi kwenye kifuniko, halafu inagoma. Haijafa, imegoma. Yangu haidromita, kile kipimo kinachoelea kuonyesha sukari iliyobaki, maji matupu yakiwa 1.000, ilianza kusoma 1.052, siku ya sita nikapima nikakuta 1.032, siku ya tisa 1.032, siku ya kumi na mbili bado 1.032 kama imepigiliwa msumari. Nikionja ni tamu kama sharubati. Hapo ndo mtu mgeni anahamishia kwenye chupa akidhani imeisha, na mabomu huwa yanatokea hapo hapo, kwa sababu hamira ikiamka ndani ya chupa iliyofungwa hiyo sukari yote inageuka gesi na gesi haina pa kutokea.

Dawa yake ni joto na subira. Hamira za kawaida za bia ukizipandisha sana joto zinaanza kukutolea harufu ya rangi ya kucha na kesho yake kichwa kinagonga, hii yenyewe ukiipa nyuzi 20 inakuona mshamba, inataka 30 na kupanda. Nikaivisha ndoo blanketi, nikaweka mkeka wa joto kwa chini, kwenye 32 ndo nikaanza kusikia tena ile bluku bluku ya kizembe, moja kila dakika. Wapo wanaosema pia inachukia kubanwa na gesi yake yenyewe, eti ukitoa kile kidude cha maji kinachopitisha mapovu ukafunika kwa foili tu iliyolegea inaenda vizuri, nami nikafanya na hilo siku hiyo hiyo, kwa hiyo msiniulize kati ya joto na foili kipi kilisaidia, niliharibu jaribio mwenyewe. Wiki tatu na ushee baadaye ikasoma 1.004. Ukichukua tofauti ukazidisha kwa 131.25 unapata asilimia 6.3, karibu sawa na mwalimu wake.

Mdogo wangu alikuja jumapili, nikamimina glasi mbili jikoni nikamletea bila kumwambia ipi ni ipi. Akanusa ya kulia, akanywa. Akanusa ya kushoto, akanywa.

"Braza, ya kushoto ndo ya kwako."

"Umejuaje?"

"Imelala."

Neno moja tu na ikabidi nikubali, imelala kweli. Harufu zipo, pilipili manga ipo, sukari haipo, lakini ukiiweka mdomoni inatandaza tu kama maji kwenye sakafu. Nilipokaa kufikiria nikaelewa nimekosea wapi. Wakati wa kuweka kwenye chupa niliweka sukari ya kuleta gesi gramu 7 kwa lita, kipimo cha bia ya kawaida, niliogopa kwa sababu chupa nilizonazo ni zile nyembamba za kawaida, wakati saison ya kweli inataka gesi nyingi kuliko hiyo na chupa nene zinazoweza kubeba. Kumbe ile gesi inayosugua ulimi kwenye Dupont ndo inashika nafasi iliyoachwa na sukari. Ukiondoa utamu lazima uache kitu kingine kisimame pale, gesi, uchungu, ukali wa asidi, kitu. Mimi nimeondoa nikaacha pengo. Sita kwa kumi, na nimeanza kukusanya chupa nene, mtu akinywa kitu chenye koki na waya namwangalia chupa kuliko ninavyomwangalia yeye.

Orval sasa, hapa nitakaa kidogo. Nina mbili na ninazitofautisha kwa tarehe, Orval wanakuandikia kwenye lebo siku waliyojaza chupa, kitu ambacho natamani kila kiwanda duniani kingefanya. Inapikwa ndani ya abasia ya watawa kusini mwa Ubelgiji, kiwanda kilianzishwa 1931 ili kupata pesa za kujenga upya abasia iliyokuwa magofu, na yule samaki mwenye pete mdomoni kwenye lebo ni wa hadithi ya Matilda, mjane aliyedondosha pete yake kwenye chemchemi, akaomba, samaki akaibuka nayo. Asilimia 6.2 imeandikwa, lakini hiyo namba ichukulie kama makisio, kwa sababu wanapoweka kwenye chupa wanaongeza na hamira pori inaitwa Brettanomyces, sisi tunaikatisha tu bret, na bret haina adabu, inakula hata zile sukari ndefu ambazo hamira ya kawaida imezishindwa ikaziacha. Anakula polepole miezi na miezi. Yaani bia inaendelea kukauka ikiwa imelala kwako kabatini.

Ya kwanza ilikuwa na miezi mitano. Rangi ya chungwa iliyochomwa, hopsi zimejaa puani kwa sababu huwa wanaziloweka tena kwenye bia ikiwa imeshapoa, maua, ganda la chungwa, uchungu uliosimama wima. Ya pili ilikuwa imepita miaka miwili kidogo, na ukiniambia ni bia mbili tofauti nisingebisha. Hopsi zimenyamaza. Badala yake kuna ngozi, tandiko la farasi, majani makavu, na kwa mbali kabisa zizi, nimeandika zizi na sibadilishi. Mdomoni ni drai kuliko kitu chochote nilichowahi kunywa kilichotoka kwenye nafaka, gesi kali, inakwaruza, inapotea. Wapenzi wa Orval wengi watakwambia ya zamani ndo yenyewe, na mimi nimejitahidi kukubaliana nao, nimeshindwa, napenda ya miezi mitano. Ile ya zamani naiheshimu kama unavyomheshimu mzee mkali, unamsalimia vizuri ila hutaki kukaa naye siku nzima.

Halafu tahadhari kwa wanaotaka kuchota mashapo ya chini ya Orval wakapikie nyumbani, nimefanya, inawezekana kabisa, lakini tenga mpira wa kuhamishia, tenga ndoo, tenga bomba la kujazia, kila kitu cha plastiki. Bret inajificha kwenye mikwaruzo ya plastiki na ukidhani umesafisha hujasafisha, bia yako ijayo isiyo na kosa lolote inaanza kunuka tandiko.

Zile ambazo siyo drai nitazipitia haraka haraka. Weihenstephaner ya ngano, asilimia 5.4, ndizi mbivu na karafuu mpaka unaangalia lebo kama wamekosea, na hapo tena hakuna ndizi wala karafuu, ni hamira, ukichachusha kwenye joto la juu ndizi inaongezeka ukishusha karafuu inatawala. Ni nzuri sana na sijui niiseme nini zaidi, nikiwa na wageni wasiozoea ndo ninayowapa. Pilsner Urquell nimekunywa mbili, hii ndo pilsna ya kwanza, 1842, mji wa Plzeň huko Ucheki, mpikaji alikuwa Mbavaria anaitwa Josef Groll, na watu wanadhani pilsna lazima iwe drai, kanywe hii taratibu utasikia kimea kitamu cha mkate kimelala chini ya uchungu wa hopsi za Saaz. Wameacha utamu makusudi halafu wakaufunika. Akili kubwa. Schlenkerla, ile ya moshi ya Bamberg, Ujerumani, kimea chake kinakaushwa juu ya moto wa kuni za mti wa bichi, funda la kwanza ni kama umelamba nyama iliyoning'inizwa dohani, la pili unajiuliza kwa nini umenunua, ikifika glasi ya tatu unatafuta nyingine. Mimi niliishia glasi ya kwanza na nusu, iliyobaki akamalizia jirani ambaye hakuona tatizo lolote.

Saida sasa, na hapa ndo nilipopigwa.

Chupa ya kwanza ni sidra natural ya Asturias, kaskazini mwa Hispania. Haina gesi ya kusema, ina ukungu, na imetulia kwenye chupa kama maji ya mchele. Ukiimimina kawaida ni kali tu, siki kidogo, basi. Lakini wenyewe hawaimimini kawaida, mmiminaji ananyoosha mkono wenye chupa juu kabisa ya kichwa, glasi ameishika chini usawa wa paja, na ule uzi wa saida unaporomoka hewani unagonga ukingo wa glasi kwa ndani. Anaweka kidogo tu, vidole viwili, na unatakiwa umeze hapo hapo kabla haijapoa hasira. Mimi nilijaribia bafuni, nashukuru kwa uamuzi huo. Mara ya kwanza nimelowesha mguu, mara ya pili ukuta, mara ya tatu nikapata na nikaona kinachozungumzwa: ule mpigo unaamsha gesi kidogo iliyokuwa imelala, linatoka povu jembamba linalochemka sekunde chache, na harufu inayoruka ni ganda la tufaha bichi na kuni mbichi, siki inarudi nyuma kabisa. Ukisubiri dakika moja imekufa tena. Kimiminika kile kile, chupa ile ile, bila urefu wa mkono ni tano, ukiwa na mkono ni nane na nusu. Sijawahi kuona kinywaji kinachotegemea bega hivi.

Ya pili ni ya Normandy, Ufaransa, cidre bouché, ya koki. Hii ni tamu kiasi na kwa sheria zangu mpya nilitakiwa nisiipende. Wao hawaongezi sukari, wanaifanya hamira ife njaa. Juisi ikikamuliwa wanaisubirisha kwenye ubaridi mpaka pektini, ile inayogandisha jamu, inaganda kama jeli, inapanda juu inakuwa kofia ya rangi ya kahawia, na inapopanda inabeba chakula cha hamira, halafu wanavuta juisi safi ya katikati wanaiacha ichachuke polepole mno. Hamira inachoka kabla haijamaliza sukari. Ndo maana zile za doux, yaani tamu, unakuta hata asilimia 3 hazifiki. Niliifungua mchana nikitegemea kukunja uso, ikaisha. Na kilichonishangaza ni kwamba ni tamu lakini mashavu yanajivuta kama umenywa kitu kikavu, tanini zake, ule ukakasi unaokausha mdomo, ziko juu, zinafuta utamu kila ukimeza. Nikabaki na chupa tupu mkononi naiangalia.

Hizo tanini ndo kiini cha mambo yote kwenye saida na mimi sikujua. Waingereza wana mpangilio wa matufaha ya saida uliotoka kwenye kituo cha utafiti cha Long Ashton tangu 1903, makundi manne, matamu, machungu matamu, makali, na machungu makali, kinachoyatenga ni asidi na tanini tu: tanini ikizidi asilimia 0.2 limeingia kwenye machungu, asidi ikizidi asilimia 0.45 limeingia kwenye makali. Kuna tufaha linaitwa Kingston Black lina vyote, sukari, asidi, tanini, wanaweza kupikia hilo peke yake bila kuchanganya. Ukiling'ata bichi unalitema. Nilipata chupa moja ya hilo tufaha pekee, drai kabisa, na ilikuwa na mwili kama divai nyekundu, ilikaa mdomoni, ilikuwa na kitu cha kutafuna. Sukari sifuri na hakuna pengo. Hiyo ndo bora kuliko zote mwezi huu, hata Dupont, nimesema.

Baada ya hapo nikafungua T ya kwangu. Kosa kubwa, usifungue ya kwako baada ya hiyo.

T ni lita 20 za juisi ya matufaha ya kawaida ya boksi, nilisoma kila lebo kuhakikisha haina kihifadhi cha sorbate, maana ukiikuta hiyo hamira yako haizaliani na utakaa unaangalia ndoo wiki nzima. Hamira niliyoweka ni EC-1118, ya shampeni, ile ambayo hata ukiitupa barabarani ingechachusha lami. Siku ya nne nyumba nzima ilinuka yai viza, juisi ya matufaha ina lishe ndogo kwa hamira na ikizidiwa inatoa harufu ya salfa, mwenzangu wa nyumbani akaniuliza kwa upole kama kuna kitu kimefia nyuma ya kabati. Nikaweka lishe ya hamira kidogo, nikafungua madirisha, ikapita. Ilianza 1.047 ikaishia 0.998. Ndiyo, chini ya maji, wapo watakaodhani haidromita imekufa, siyo hivyo, kilevi ni chepesi kuliko maji, kwa hiyo sukari ikiisha yote mchanganyiko mzima unakuwa mwepesi kuliko maji matupu. Asilimia 6.4.

Inang'aa kama kioo. Gesi nzuri, povu linaimba na kuzimika. Harufu kidogo ya tufaha ukijitahidi. Halafu unakunywa na hakuna kitu ndani, yaani kuna ukali, kuna kilevi kinachopasha koo, na katikati kuna chumba kitupu. Maji ya betri. Ni drai kwa namba kuliko saida zote nilizozitaja na ni mbovu kuliko zote, kwa sababu matufaha ya kula yamezalishwa yasiwe na uchungu, tanini hamna, na ile hamira ya shampeni haina mchango wa harufu, inakula sukari inafunga mlango. Nne kwa kumi, na hiyo nne ni ya rangi.

Wazo la kwanza la kila mtu ni kuongeza sukari. Usithubutu kama iko kwenye chupa na hamira hai. Hapa nina ushahidi, kuna chupa sita nilizoziwekea sukari ya gesi mara mbili, nilikuwa katikati ya kazi simu ikaita, nimerudi nikaanza upya mstari ule ule. Sikujua mpaka nilipofungua ya kwanza. Ilitoka yote. Nusu lita nzima iliondoka kwenye chupa kama bomba la mvua lililogeuzwa, dari ina duara mpaka leo, na mkononi nimebaki na chupa yenye mashapo vidole viwili. Tano zilizobaki nilizifungulia nje, baridi kabisa kutoka kwenye friji, nimevaa miwani na jaketi zito, nikilegeza kizibo kidogo kidogo ziteme gesi. Kuna wanaotumia sukari ambazo hamira haiwezi kula, erithritoli na nyingine, nimejaribu kwenye glasi, inakuwa tamu lakini chumba bado ni kitupu, umeweka tu pazia dirishani.

Kilichosaidia ni chai. Nilishasikia wapikaji wakisema wanaweka majani ya chai kwenye saida nikadhani ni mambo ya kubahatisha, lakini tanini ni tanini. Nikachemsha chai ya rangi, nzito mpaka ikawa nyeusi, bila sukari, nikaiacha ipoe. Nikapanga glasi nne za mililita 200 za T mezani, ya kwanza sikuweka kitu, ya pili kijiko kimoja cha chai, ya tatu viwili, ya nne vitatu. Kijiko kimoja sikusikia tofauti. Vitatu ni chai baridi iliyoharibika. Viwili, aisee. Rangi imeshuka kidogo kuwa dhahabu ya zamani, na ukimeza mashavu yanavutika, ule ukali umepata pa kuegemea, hata harufu ya tufaha imeongezeka sijui kwa nini. Haijawa Kingston Black, tusidanganyane. Ila imetoka nne imefika sita na nusu kwa vijiko viwili vya chai, na mzigo ujao naweka chai tangu siku ya kwanza kwenye ndoo, na hamira nabadilisha, nataka ile ya bia ya Kiingereza, S-04, inayoacha harufu ya tunda kidogo.

Zimebaki chupa kumi na moja za T. Kila nikifungua moja natoa na birika. Mdogo wangu kanikuta juzi nimekaa na glasi, kijiko na birika pembeni, akaangalia meza, akaniangalia mimi, akasema "braza, si ungesema tu siku hizi umehamia kwenye chai", halafu akasogeza glasi yake na yeye awekewe viwili.